Kura ya Chuma

Ngommm. Ngommm. Ngommm.

Sauti ilinikuta nimepiga magoti juu ya meli, katika ujia mwembamba kati ya safu mbili za makontena, nikipambana na kifungo cha kontena kilichoshikwa na kutu. Mbele yangu ukuta wa chuma, nyuma yangu ukuta wa chuma, juu kipande cha mbingu chembamba kama utepe. Sikuona mtu. Nilisikia tu, nikahesabu kwa vidole kama kawaida yangu. Mapigo saba. Kikapita kimya kifupi, kisha upande wa pili ukajibu: katakata-ka, katakata-ka. Saba pia, lakini makavu, kama mvua inayonyesha juu ya meza ya mbao.

Nikaruka juu. "Tumeshinda!" nikapiga kelele peke yangu, na ndege mmoja aliyekuwa amejitulia kwenye reli akaniangalia na kuruka.

Hiyo ndiyo kura ya chuma. Sisi makuli wa bandari hii hatupigi kura kwa mikono wala kwa karatasi. Zamani, winchi zilipokuwa zinanguruma mchana kutwa, hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake akisema ndiyo au hapana. Basi wazee wakaamua: tukutane kwenye njia iliyo kati ya safu mbili za makontena, wanaokubali wasimame upande wa bahari, wanaokataa wasimame upande wa geti. Kila mtu na ufito wake wa chuma, ule tunaofungia makontena melini. Mwenyekiti wa tawi anasimama katikati amefumba macho, asije akamwekea mtu kinyongo. Upande wa bahari ndio unaoanza kupiga ubavu wa kontena mara saba, kisha wa geti. Upande uliomjaza masikio ndio ulioshinda. Baba yangu alisimama pale katikati miaka kumi na tisa. Siku hizi anasimama kaka.

Na siku ile kura ilikuwa ya mgomo. Kampuni inayoendesha bandari yetu inaendesha na nyingine kumi katika nchi nyingine, na ilikuwa imetuletea karatasi: baada ya siku sitini, kreni mpya zitaendeshwa na watu waliokaa ofisini, tena ofisi yenyewe iko ng'ambo, na genge la watu kumi na wanne litabaki na watu sita. Kaka alitaka tugome kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilitaka zaidi yake. Nilikuwa nimetunga mashairi mawili na kuyabandika kwenye mlango wa choo, mahali ambapo kila mtu husoma. Sikufundishwa na mtu kutunga. Nilijifunza kwa kuhesabu silabi kwa vidole mpaka wenzangu wakanibandika jina la Mizani, na jina lenyewe nikalipenda.

Niliposhuka ngazi ya meli, genge letu lilikuwa linacheza kama harusini.

"Mizani! Ulikuwa wapi, wewe? Tumewafunika!"

"Nyapara aliniachia kifungo kimoja."

"Kifungo kimoja saa nzima? Wewe ulikuwa unakitungia shairi!"

Wakanisukuma juu ya gurudumu la trela, nikawapa nililokuwa nalo mdomoni:

*Mgongo uliopinda, leo utasimamishwa,*
*Chuma kimelia "Shinda!", nani wa kunyamazishwa?*

Wakalirudia mara tatu. Hata yule dereva wa kreni tunayemwita Breki, aliyekuwa mstari wa mbele kupinga mgomo, alipita na kutikisa kichwa. "Shairi zuri," alisema. "Jumatatu utalila na nini?" Wenzangu wakamzomea, naye akaenda zake akicheka.

Ningelala vizuri siku ile kama si masikio yangu.

Mtu anayehesabu mapigo ana ugonjwa wake. Hata anapofurahi, kitu ndani yake kinaendelea kuhesabu. Nikiwa njiani kwenda nyumbani nilirudia mapigo yale kichwani. Ngommm. Ngommm. Sauti nene, safi, kila pigo limesimama peke yake. Halafu mlio ule mwingine: katakata-ka. Umesambaa, umepasukapasuka. Nikasimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akanitukana.

Watu wengi hawawezi kupiga pamoja sawasawa. Jaribu kuwaambia watu mia wapige kofi moja. Utasikia makofi kama maharage yanayomwagika. Watu wachache ndio wanaolingana. Sasa, iweje upande uliokuwa na watu wengi upige safi, na upande wa wachache upige kama mvua?

Nyumbani tunakaa pamoja: kaka, mkewe, watoto wao wawili na mimi katika chumba cha uani. Shemeji yangu ni karani wa uwanja. Anakaa ghorofani kwenye ofisi yenye madirisha makubwa, mbele ya kompyuta mbili, na ndiye anayeamua kila kontena likae wapi: safu gani, nafasi ya ngapi, juu ya lipi. Nilimkuta jikoni anakatakata kitunguu.

"Shemeji," nikamwambia, "ile njia tuliyopigia kura leo, makontena yake yana nini ndani?"

Kisu kikasimama. "Rudia."

"Makontena ya pale. Yana nini?"

"Miaka minne tunakaa nyumba moja," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza umeniuliza kitu kuhusu kazi yangu. Ngoja niandike tarehe."

"Shemeji, bwana."

"Upande wa geti yamejaa vigae. Ya juu na ya chini, yote vigae. Upande wa bahari matupu. Kuna meli ya Jumamosi inayokuja kuyachukua, ndiyo maana nimeyasogeza karibu na gati."

"Umeyasogeza lini?"

"Juzi. Safu nzima." Akaendelea kukata. "Kwani unafikiri kwa nini yalilia vile? Sufuria tupu na sufuria yenye ugali, ipi inalia?"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilisikia, kama ulivyosikia. Nilikuwa dirishani. Sisi wa ofisini hatuna fito, tuna masikio tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nani aliniuliza?" Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, sikujua kama ni kitunguu. "Tuko arobaini na watatu mle ndani, shemeji, wenye kadi za chama kama yako. Hakuna kura hata moja tuliyowahi kupiga. Tutagonga kontena kwa kalamu?"

Nilitoka nikakaa uani. Nataka niseme ukweli hapa: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Tulitaka mgomo na tumeupata. Nani atakayejua? Lakini wazo la pili lilinikaa kooni kama mfupa. Kama wengi wetu wamekataa, basi Jumatatu alfajiri tutasimama getini na nyimbo zetu, na wengi watatupita wakiingia kazini. Kampuni haitahitaji hata kutufukuza. Itatuhesabu tu.

Kaka alirudi jua linazama. Nilimsubiri anawe mikono, ale, anywe maji. Kisha nikamwambia yote.

"Mdogo wangu. Wakati wa kura ulikuwa melini. Hukupiga hata pigo moja. Sasa unataka kuupiga ushindi wenyewe?"

"Kaka, upande wetu ulikuwa na makontena matupu."

"Na upande wao ulikuwa na midomo mitupu. Kura ni kura. Baba alipiga hivyo hivyo."

"Basi tuijaribu. Kesho asubuhi, kabla ya zamu. Mimi na wewe tu."

"Ikishajaribiwa kisha?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua.

Asubuhi tulikuwa pale kabla ya nyapara. Umande ulikuwa bado unatiririka kwenye mbavu za makontena. Nikampa kaka ufito. Akapiga kontena la vigae: *ka*. Akavuka njia, akapiga tupu: *ngommm*, na sauti ikazunguka safu nzima na kurudi. Akarudi kwenye vigae. *Ka.* Akavuka tena. Alivuka mara tano au sita, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto aliyepata ngoma. Mwishowe alisimama akiwa ameweka kiganja juu ya kontena tupu mpaka likaacha kutetemeka.

"Unakumbuka mwaka tuliorudi kazini?" akaniuliza. "Wewe ulikuwa mdogo. Tuligoma siku kumi na moja, kisha kura ikasema turudi. Watu walilia. Baba alisema, chuma kimesema."

"Nakumbuka."

"Siku ile makontena yalikuwa na nini?"

Tulisimama tukiwaza kura zote zile za miaka yote, na nani alikuwa amesogeza nini kwenda wapi, bila hata kujua.

"Mimi sitasema," kaka akasema mwishowe. "Nikisema mimi, wataambiana mwenyekiti ameingiwa na woga. Ukitaka kusema, sema saa nane, zamu zinapopishana. Sitakuzuia. Lakini pia sitakukinga."

Saa nane njia ilijaa. Nilipanda juu ya gurudumu lile lile. Wenzangu walinipigia makofi kabla sijafungua mdomo. Walidhani nina shairi.

"Kura ya jana haikuwa kura," nikasema.

Makofi yalikatika kama uzi.

"Nini?"

"Sijui nani alishinda. Wala ninyi hamjui. Upande wa bahari matupu, upande wa geti mzigo. Tulipiga ngoma, wao wakapiga mawe."

"Shuka, Mizani!" Huyo alikuwa wa genge langu mwenyewe, tunayegawana naye chai. "Umekunywa nini?"

"Kampuni imekununua kwa bei gani?"

"Wamempa kalamu ya dhahabu!"

"Acheni aendelee," Breki akasema kutoka nyuma, sauti yake imejaa kicheko. "Leo ndiyo nampenda."

Hapo ndipo nilipokaribia kumrukia mtu. Hasira zangu ni za karibu, na kusifiwa na Breki kuliniuma kuliko matusi yote. Lakini maneno yalikuwa yameniishia, basi nikashuka, nikachukua ufito mmoja, nikaenda upande wa geti, nikapiga mara saba kwa nguvu zangu zote. *Ka, ka, ka.* Mkono uliniuma mpaka begani. Nikavuka. Upande wa bahari nilipiga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. *Ngommm. Ngommm.*

Mtu mmoja alicheka. Kisha wengi. Kisha kicheko kikaisha, maana kila mtu alikuwa ameelewa, na hakuna aliyejua amwangalieje jirani yake. Mwenzangu wa chai alininyang'anya ufito akajaribu mwenyewe. Halafu mwingine. Kwa dakika kumi njia nzima ilikuwa *ka* na *ngommm*, watu mia nne wakivuka huku na huku, wakitega masikio, wakibishana kama la juu linalia kuliko la chini.

"Basi tupige wote matupu!" mmoja akashauri.

"Na mwenye mkono mzito je? Breki ana mkono kama nyundo."

"Tuinue mikono."

"Nyapara yuko pale, anaandika majina kichwani. Inua wewe."

"Sili!" Sauti ilitoka juu. Sote tukainua vichwa. Shemeji yangu alikuwa amefungua dirisha la ofisi. "Tumieni sili!"

Alishuka na wenzake wawili wakikokota magunia. Sili ni vile vijifungo vya plastiki vinavyofungia milango ya makontena. Makontena yakifika, vijifungo hivyo hukatwa na kutupwa, na vipande vyake ofisini kwao vimejaa mpaka chini ya meza. Hivyo vilivyokatwa, vya mzigo unaoingia, ni vya buluu; vipya, vya mzigo unaotoka, ni vya njano.

"Kila mtu anachukua buluu moja na njano moja," akasema. "Buluu ndiyo, njano hapana. Unatia moja kwenye pipa hili lenye turubai, ngumi imefungwa. Ile nyingine unaitupa kwenye pipa la taka kule nyuma ya trela. Hakuna anayeona, na zinahesabika. Kampuni ikiwapeleka mahakamani mkaulizwa mko wangapi, mtabeba pipa. Sauti mtaibebaje?"

"Na ninyi je?" mwenzangu wa chai akauliza. "Mnagawa tu, au mnataka na kupiga?"

"Tuna kadi."

"Kura ni ya watu wa chuma, mama."

"Kontena ulilogonga jana, nani aliliweka pale?" shemeji akamjibu. "Niliwashindisha bila kujua. Afadhali mara hii nijue ninachofanya."

Watu waliangua kicheko, na mwenzangu wa chai akakuna kichwa. Kaka, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, alipita mbele, akachukua sili zake mbili, kisha akasogea pembeni ili mkewe awe wa pili. Mjadala ukaishia hapo. Waliobaki walipanga foleni.

Nilitia buluu yangu. Nilifurahi kama mjinga: niliamini, ndani kabisa ya moyo, kwamba tungeshinda kihalali na mimi ndiye ningetajwa. Nilikuwa nimeshaanza ubeti.

Walihesabu Breki na kaka, wakikaa juu ya makreti, pipa katikati, kila kumi fungu lake chini. Tulisimama tukiwazunguka, na mafungu yakakua, ya buluu miguuni pa kaka, ya njano miguuni pa Breki. Yalikwenda sambamba muda mrefu. Kisha ya njano yakaanza kuongezeka, na ubeti wangu ukanipotea.

"Mia moja themanini na saba," kaka akasema. Hakuinua kichwa.

"Mia mbili na nne," Breki akasema.

Nilingoja ashangilie. Alizigeuzageuza zile sili mkononi. "Tofauti kumi na saba tu?" akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mimi nilidhani ninyi mnaotaka mgomo ni kina Mizani na watu wa genge lake. Hamkuwahi kuonekana wengi hivi."

"Nasi tulidhani ninyi ni wewe na wajomba zako," kaka akajibu. Alisimama, akajipangusa suruali. "Jumatatu tunaingia kazini. Karatasi ya kampuni ina siku sitini. Zimebaki hamsini na tatu, na pipa tunalo." Akaenda zake kuelekea gatini, mikono nyuma, na hakuna aliyemfuata.

Watu walitawanyika. Mwenzangu wa chai alinipita karibu sana. "Umetuua, Mizani," akasema bila kusimama. Mwingine akatema mate si mbali na kiatu changu. Nilibaki na shemeji, tukizirudisha sili magunini. 

"Waoga," nikasema. "Mia mbili na nne, waoga watupu. Kesho nitabandika shairi mlangoni, beti kumi, watajisoma wenyewe."

"Mia mbili na nne," shemeji akasema. "Unawajua?"

"Nawajua waoga."

"Mimi nilitia njano."

Niliuacha mdomo wa gunia. Sili zikamwagika tena juu ya saruji, za buluu na za njano pamoja.

"Wewe? Mke wa mwenyekiti? Wewe uliyeleta... Kwa nini?"

Alichuchumaa akaanza kuokota moja moja. Nilimwangalia, na hasira yangu, nayo ni hasira ninayoijua vizuri, ilitafuta mahali pa kusimama ikakosa. Huyu hakuwa mwoga. Ndiye aliyeshuka na magunia. Ndiye aliyesikia kabla yangu. Na alikuwa na sababu mle kichwani mwake, nzima, imekamilika, nami sikuwa na hata fununu yake. Kama yeye alikuwa nayo, na wale mia mbili na watatu wengine je? Sababu ngapi zilikuwa zinatembea uwanjani sasa hivi ndani ya kofia ngumu, na sikuwahi kubisha hodi hata kwa moja? Tulikuwa na siku hamsini na tatu.

"Nikikuambia utanikatiza," akasema, bado ameinama. "Ninyi ndugu wawili hamjui kusikiliza. Mnasubiri tu zamu yenu ya kusema. Na wewe ukishapata vina, ndiyo basi kabisa."

Nikachuchumaa mbele yake, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya saruji, ili nisihesabu kitu kwa vidole.

"Shemeji," nikamwambia, "kila aliyetia njano na yuko tayari kusema, nitamfuata alipo, winchini, ofisini, hata Breki, nimwulize kwa nini. Mmoja mmoja. Na wewe ndiye wa kwanza, sasa hivi. Nakuahidi, sitatia neno mpaka uniambie umemaliza."